Mamlaka ya Sakafu za Kutandua

Kwa furaha isiyopimika kwa futi wala kwa mita, Mamlaka ya Sakafu za Kutandua iliwatangazia wapangaji wote wa maghorofa kwamba tatizo la roshani limekwisha. Hakuna aliyejua kuwa roshani zina tatizo, na hilo, tangazo lilieleza, ndilo lililokuwa tatizo lenyewe.

Tangu siku hiyo, mpangaji yeyote aliyetandika kitu kwenye roshani ya nyumba isiyo yake alitakiwa kuthibitisha kwamba kitu hicho kinatanduka. Mikeka ya plastiki iliwekwa Kundi la Kwanza. Majani ya bandia, Kundi la Pili. Vipande vya mbao vya kuumanisha, Kundi la Tatu. Kadibodi ilipewa kundi lake peke yake, kwa heshima ya wanyonge. Atakayekutwa na sakafu iliyofungwa moja kwa moja ataifungua kwa mikono yake, kisha atahama jengo la kupanga ndani ya siku saba. Rufaa zimefutwa, kwa kuwa zilikuwa zinachelewesha haki.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ngazi kwa gundi ya vigae, lisije likatanduka. Mama Fundi alilisoma akiwa na furushi la vitambaa kichwani, akalirudia, kisha akapanda ghorofa tatu bila kupumzika, jambo ambalo magoti yake yalilalamikia hadi mlangoni.

"Baba," alimwambia mumewe, "kumbe sisi ni Kundi la Tatu."

Mumewe, dereva wa lori mstaafu ambaye jengo zima lilimwita Mzee Breki, alikuwa roshanini kwenye kiti chake. "Ndiyo kundi zuri?"

"Wa kadibodi wanahurumiwa. Sisi bado haijajulikana."

Mwaka uliopita mvua ilinyesha, saruji ya roshani ikawa kama imepakwa sabuni, na Mzee Breki akateleza. Mtu aliyepitisha lori kwenye makorongo miaka thelathini na moja bila kukwaruza hata taa, alivunjika nyonga kwenye safari ya hatua mbili. Ngazi tangu hapo hakuziweza. Roshani ndiyo iliyokuwa barabara yake. Alikaa pale asubuhi hadi jioni akisikiliza malori, akijua kwa mlio lipi limezidisha mzigo na lipi dereva wake ana hasira na mkewe. Mama Fundi alishona sare za shule mbili nzima, akanunua vipande ishirini na vinne vya mbao vyenye meno ya plastiki chini, vinavyoumana vyenyewe bila msumari. Maji yanapita katikati, mguu hautelezi. Na msumari hakuutaka, maana mkataba wa nyumba ulikataza hata wa kutundikia kalenda. Bila mbao hizo Mzee angerudi kitandani kuutazama ukuta. Wakifukuzwa ndiyo basi tena, maana angeshushwa ngazi kama kabati. Kwa hiyo Mama Fundi hakucheka, ingawa sababu zilimjaa mdomoni.

Mkaguzi alikuja Jumanne, na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alikuwa amechelewa kwa jirani wa ghorofa ya pili, mwenye majani ya bandia, ambaye alishindwa kuonyesha kibali cha malisho.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kujiridhisha. Tandua."

"Marahaba, baba." Mama Fundi akamsogeza mumewe hadi kizingitini, akapiga goti, akabandua kipande kimoja kimoja, akavipanga ukutani.

Mkaguzi akaangalia saruji. "Sakafu iko wapi?"

"Si hiyo hapo ukutani."

"Hizo naona ni mbao. Mimi nimekuja kukagua sakafu."

"Si umeniambia nitandue?"

"Nimekuambia utandue, mama. Sikukuambia uiondoe."

Mama Fundi akatandika tena, vyote ishirini na vinne. Mkaguzi akatembea juu yake kwa viatu, huku na kule, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaandika: inatanduka, inatandikika. Akampa mkono. "Hongera. Wengi wanaweza moja tu."

"Kwa hiyo yameisha?"

"Yamebaki ya vibati."

Keshoye alirudi na keekee ya umeme ya kutobolea, sanduku la bolti, na vibati ishirini na vinne vilivyopigwa chapa: SAKAFU HII INATANDUKA. Kila kipande kibati chake, kila kibati bolti mbili. Mama Fundi akakishika kimoja, akakigeuza.

"Baba, hivi mnavibandika?"

"Tunavifunga. Kibati kinachotoka kinaweza kuhamishwa na mtu mwovu kwenda kwenye sakafu isiyotanduka. Ndiyo maana hakitakiwi kutoka."

"Mnakifunga kwenye mbao."

"Kwenye mbao, mpaka ndani ya zege. Uthibitisho si kitu cha kuning'inia, mama."

"Sasa mkiifunga kwenye zege, itatanduka vipi?"

Mkaguzi alimtazama kwa huruma ya mtu aliyesoma. "Si imeandikwa hapo."

Kazi ilichukua siku mbili. Vumbi liliingia hadi kwenye sufuria. Mzee Breki alikaa chumbani akiisikiliza keekee, akatangaza kwamba mashine ile haijapata grisi tangu izaliwe. Bolti arobaini na nane ziliingia katika zege, na jioni ya siku ya pili Mama Fundi akakabidhiwa cheti chenye sahihi ya Mkuu wa Mamlaka, sahihi kubwa, yenye mkia unaopita chini ya maneno yote kama mtu aliyelala akanyoosha miguu.

Baada ya wiki mbili mlango ukagongwa. Alikuwa Mkaguzi.

"Natoka Kitengo cha Ufuatiliaji," alisema.

"Karibu tena, baba. Si wewe uliyetufungia?"

"Huyo alikuwa wa Kitengo cha Uthibitisho."

"Ana sura yako. Na shati lako."

"Tunafanana, mama, ila hatuwasiliani. Taratibu haziruhusu."

Akainama, akashika kipande cha kwanza, akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta, hata kalamu zote tatu zikamtoka mfukoni. Mbao haikutikisika. Akasimama, akajifuta jasho, na uso wake ulikuwa na majonzi ya kweli.

"Hii haitanduki."

"Soma kibati," Mzee Breki akasema.

"Nimekisoma, Mzee wangu. Kibati kinasema kweli. Sakafu ndiyo inayosema uongo."

Akaandika hati papo hapo: siku saba. Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Mzee aliyasikiliza malori matatu yakipita. "Mke wangu, wape mbao zao. Nirudishe kitandani. Ukuta nimeshauzoea, hata nyufa zake nimezipa majina."

"Hutarudi kitandani, na mbao ni zetu. Hebu nyamaza kidogo, nafikiri."

Miaka arobaini ya cherehani ilimfundisha Mama Fundi kwamba nguo ikishonwa vibaya huanzi kuikata kwa hasira. Unatafuta fundo la kwanza, unalifungua, halafu unavuta uzi polepole, nayo inajifumua yenyewe.

Asubuhi alikwenda Mamlaka, vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la magodoro. Mkuu mwenyewe alikuwapo, mtu mnene mpole, nyuma ya meza iliyojaa mihuri. Mama Fundi alisalimia, akaketi kwenye ncha ya kiti, akajifanya mdogo.

"Baba, nimekuja kukiri. Roshani yangu ina sakafu ya kudumu."

Mkuu aliguswa. Ilikuwa mara ya kwanza mwananchi kuja mwenyewe. Akamsogezea fomu ya kukiri kwa mikono miwili.

"Nimeishia darasa la saba, nisije nikakosea," Mama Fundi akasema. "Hapa wanataka jina. La mwenye sakafu, au la aliyeifunga?"

"Maneno yako wazi, mama. Aliyeifunga."

"Hata kama mwenye sakafu ni mwingine?"

"Hata angekuwa malaika. Sisi tunamtafuta mwenye spana."

"Na niandike ukweli mtupu?"

"Mama, uongo kwenye fomu hii ni kosa kubwa kuliko sakafu."

"Nikishaandika, huyo mtu hana pa kutokea? Naogopa asije akanirudi. Ni mkubwa."

Mkuu akacheka kwa upole. "Fomu ikigongwa muhuri hairudi. Hata mimi siwezi kuirudisha. Nilihakikisha mwenyewe."

Basi Mama Fundi akaandika, herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Jina: Mamlaka ya Sakafu za Kutandua. Kifaa: keekee. Idadi ya bolti: arobaini na nane. Ushahidi: cheti, kimeambatanishwa. Akaikunja, akaiweka mezani. Mkuu akagonga muhuri bila kuisoma, kwa sababu kusoma kulikuwa kazi ya ngazi ya chini.

Siku ya tatu Mkaguzi aliingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha.

"Natoka Kitengo cha Utekelezaji," alisema. "Mkuu, una siku nne."

"Za nini?"

Mkaguzi akamsomea. Mkuu akasimama, akaketi, akasimama tena. "Wewe, unanijua mimi?"

"Nilikujua nikiwa Uthibitisho."

"Iliyofunga ni Mamlaka, siyo mimi!"

"Mamlaka haina mikono, Mkuu. Ina sahihi. Na hati inasema mikono." Akageuza cheti, akamwonyesha ule mkia mrefu.

"Basi nakata rufaa."

Mkaguzi alisubiri kwa adabu mpaka Mkuu akakumbuka mwenyewe kwamba rufaa zimefutwa.

Meza za Mamlaka zilishushwa siku ya sita. Mwenye duka la magodoro, ambaye ndiye aliyewapangisha, alisaidia kuzibeba, kwa moyo mmoja, zaidi ya alivyoombwa. Wenye nyumba wengine mtaani walikwisha sikia, na kila Mkuu alipouliza chumba cha ofisi aliambiwa kwamba mpangaji anayetoboa zege hawamtaki.

Siku ya saba alipanda ghorofa tatu na spana mkononi. Mkaguzi alifuata nyuma, kushuhudia. Mkuu akavua koti, akalikunja, akapiga magoti roshanini. Bolti ya kwanza aliizungusha hadi mishipa ikamtoka shingoni.

"Unakaza," Mzee Breki akamwambia kutoka kwenye kiti. "Kufungua ni kushoto, baba."

"Nashukuru, Mzee."

"Na usitumie kifundo, utaamka kesho huwezi kushika kijiko. Tumia bega."

Alitumia bega. Kila bolti ilipotoka, Mkaguzi aliweka alama. Kila kipande kilipoachia, kilisogezwa pembeni na Mama Fundi, na chini yake palibaki matundu mawili ambayo Mkuu aliyaziba kwa saruji na kijiko, moja moja, kama anayelisha mtoto. Kufika kipande cha kumi na tatu alikuwa hawezi tena kupiga magoti kwenye saruji. Ilimkwangua hadi suruali ikatoboka. Mama Fundi, bila neno, akamsukumia kipande kimoja cha mbao. Mkuu akakipigia magoti, akaendelea.

Jua liliposimama utosini, Mkaguzi alithibitisha kwamba sakafu inatanduka, akaenda kula. Mama Fundi akatandika vipande vyote upya, tik, tik, tik, akamsogeza mumewe mahali pake. Lori likapita barabarani, Mzee akafumba macho. "Klachi inaungua hiyo," alisema kwa raha.

Mkuu hakuondoka. Alikuwa ameketi juu ya mbao, miguu ameinyoosha mbele, viganja vikiwa na malengelenge. Akapapasa kipande kilichokuwa karibu naye. Akalibonyeza kwa kidole lile pengo la kupitisha maji. Ndipo akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikika, akashusha sauti.

"Mama, samahani. Hizi unanunua wapi?"

"Za nini tena, baba?"

"Na mimi nimepanga. Ghorofa ya tano. Naishi na bi mkubwa wangu, mama mzazi, na mvua ikinyesha roshani ile..."

Mama Fundi aliliona goti lake lililochubuka kupitia tundu la suruali. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maji na kitambaa safi, akaketi karibu naye.

"Nitakuelekeza, mwanangu," alisema. "Lakini nunua kimyakimya, na ukishatandika usifungulie mlango mtu. Kuna watu wabaya wanapita na keekee."