Begi la Samaki na Mguu wa Ardis

Jumatano, 12 Februari

Baridi ya kukata masikio hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani. Januari nzima nimekaa kibandani juu ya ziwa lililoganda, nimetoboa barafu, nimetumbukiza ndoano. Nimeambulia mafua. Na shemeji Duane, kaka yake mke wangu Ardis, anayekimbilia joto la Arizona kila baridi ikianza, nimeshamtangazia kwamba nampelekea samaki niliowavua mwenyewe! Leo nimewanunua dukani, wa kugandishwa. Nimewashindilia kwenye begi la mkononi, keshokutwa tunapanda ndege kwenda kwake. Ardis kauliza kwa nini begi linatoa maji. Nimemwambia ni jasho la furaha. Hakucheka.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Ndege haijaruka, moshi huo! Wahudumu wakaamuru tuache kila kitu, tutoke. Ardis akanishika mkono. Nikauchomoa, maana begi lilikuwa juu na lilihitaji mikono miwili. Likakwama. Foleni nzima ikasimama nyuma yangu ndani ya moshi. Watu wa kwetu hawasukumani. Bwana mmoja, huku akikohoa, aliniomba radhi kwa kunisumbua, akauliza kama nahitaji msaada. Nikampa koti langu anishikie.

Mhudumu akafoka, "Baba, acha hilo begi, watu watakufa!" Nikamweleza kwa adabu kwamba ni chakula.

Nikashuka ule mtelezo wa mpira, begi kifuani, nikatua juu ya mguu wa Ardis. Umevunjika. Eti alisimama pale chini kunisubiri. Jamani, mahali pa kusimama hapo?

Jumapili, 16 Februari

Tuko kwa Duane. Hakuna aliyekufa, basi kelele zote zile za nini? Samaki wameanza kunuka. Duane kafungua begi mbele ya majirani, kachomoa pakiti, kaisoma kwa sauti: wamefugwa Kanada. Kaniuliza niliwavua kwa ndoano au kwa kadi ya benki. Wakacheka mpaka machozi. Mimi nikaziba pua.

Ardis hakucheka. Mguu ndani ya plasta, juu ya kiti. Aliniuliza taratibu, "Vern, ningekuwa ndani ya begi, ungeniokoa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba asingeenea. Tangu hapo hanisemeshi. Sijui nimekosea wapi.

Jumamosi, 22 Februari

Ardis karudi kwa treni. Kasema huko angalau sitamwangukia kutoka juu. Mimi nimo ndani ya ndege, kiti cha kando ya mlango wa dharura. Mhudumu kaniuliza kama niko tayari kuwasaidia wenzangu likitokea jambo. Nimejibu ndiyo, tena kwa moyo wote. Begi nimelifunga tumboni, chini ya koti. Safari hii hakuna kukwama! Limejaa machungwa ya mti wa Duane. Majirani wa Duluth nimeshawapigia simu kwamba nimeyaotesha mwenyewe sebuleni.

Ardis atanisamehe tu. Nimemnunulia zawadi uwanja wa ndege kabla ya kupanda, tena sikubana mkono. Begi, saizi kubwa kuliko yote.