Penseli ya Nelda

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Barua kutoka maktaba. Jumamosi wanafungua maonyesho ya madereva wa mbio wa wilaya yetu ya Tolliver. Nimo! Picha yangu ya ujana, nimeegemea gari langu namba 41. Chini yake: "Verlon Tuttle, wa pili, 1963."

Wa pili! Miaka thelathini na mitatu nimewaeleza watu kwamba siku ile nilishinda mimi, ila waliokuwa wakihesabu mizunguko walisinzia. Kombe wakampa Coy Absher. Coy anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi namwona akiinama kuokota gazeti lake. Hata kuinama kwake ni kwa mshindi.

Nina siku tano. Zinatosha kabisa.

Jumanne, 8 Oktoba

Bi Oveda Shore ndiye mwenye maonyesho. Zamani alikuwa mkuu wa kuhesabu mizunguko uwanjani, na hapendi kubishiwa. Nikaamua kumlainisha. Nilinunua pai ya tufaha dukani, nikaihamishia kwenye sahani ya marehemu mke wangu, nikasema nimeoka mwenyewe.

Akaniuliza nimetia nini. Nikasema tufaha. Akauliza na nini tena. Nikasema na unga. Akainua kipande, akabandua chini yake karatasi ya duka, akanikabidhi.

Pai aliila. Maandishi hakuyabadilisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa pili: mashahidi. Niliandika tamko kwamba sisi tuliokuwepo tunathibitisha ushindi wa Verlon Tuttle. Nikalipeleka kwa kinyozi, wanakokaa wazee wote wa mbio.

Wa kwanza alitia sahihi papo hapo. Baadaye nikagundua alidhani tunaomba taa za barabarani. Wa pili alisema anachokumbuka ni mimi kugonga uzio. Huo ni mwaka mwingine!

Kisha akaingia Coy. Akalisoma tamko lote, akasahihisha maneno mawili niliyokosea, akauliza yeye atie sahihi wapi.

Nililikunja nikaondoka. Nywele zimenyolewa upande mmoja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Basi nikaufuata ushahidi wenyewe. Enzi zetu kila dereva alileta mtu wake wa kumhesabia. Wake zetu walikaa jukwaani na penseli. Gari likipita, unaandika saa. Mwishoni Oveda alikusanya karatasi zote. Anazo hadi leo, kwenye maboksi.

Nilijitolea kufuta vumbi. Nikaipata karatasi yangu, mwandiko wa mke wangu Nelda, nikaitia ndani ya shati. Wakati wa kuaga Oveda akaniuliza kwa nini tumbo langu linachakacha kama karatasi. Nikasema ni gesi. Akasema gesi hiyo irudishwe kabla ya Jumamosi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeisoma asubuhi nzima. Afadhali nisingeisoma.

Mzunguko mmoja wa uwanja wetu ulichukua sekunde ishirini na nne hivi. Mzunguko wa 113 gurudumu langu la mbele lililegea, nikaingia pembeni kubadilishiwa. Nilisimama zaidi ya dakika nzima. Nakumbuka, niliwatukana watu wote. Lakini kwenye karatasi sikusimama. Wa 113, wa 114, wa 115, kila mmoja sekunde ishirini na nne, namba nzuri zilizonyooka. Nelda alinipa mizunguko miwili ambayo sikuikimbia.

Ukiiondoa hiyo, sikuwa wa kwanza. Hata wa pili sikuwa. Nilikuwa wa nne.

Mwaka wa sita huu tangu afariki. Sasa nakumbuka: kila nilipolalamika kwamba waliohesabu walisinzia, Nelda alikuwa na kitu cha kuangalia jikoni.

Nilikwenda kwa Coy. Alikuwa barazani anamenya tufaha. Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama.

"Ulijua?"

"Siku ileile. Dada yangu alikaa ubavuni mwa Nelda."

"Na hukusema!"

"Niseme nini, bwana we? Ulikuwa umembeba mkeo juujuu, unamzungusha uwanja mzima. Mimi kombe nilikuwa nalo."

Nikamuuliza kuhusu Hobart Pruitt, aliyeandikwa wa tatu nyuma yangu, ambaye kumbe ndiye wa pili. Coy akaacha kumenya.

"Hobart kafa akijua ni wa tatu," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma, Verlon. Lako halinisumbui."

Akanipa kipande cha tufaha. Tukakaa. Sikuwa na mpango wowote, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefika maktaba kabla ya watu. Nikampa Oveda karatasi, nikamwambia yote. Akasema siku ile alikuwa na karatasi ishirini na mbili mbele yake. Aliiona na hii, akamwona na Nelda amekaa mikono imebana mapajani, akapiga muhuri. Hiyo moja tu ya uongo, maisha yake yote.

Akaniuliza, abadilishe? Nikasema abadilishe. Hobart wa pili. Mimi wa nne.

Akaandika upya. Karatasi akaikunja akanirudishia, akasema hiyo si ya ukutani. Binti yake Hobart alisimama mbele ya picha ya baba yake muda mrefu sana. Coy akanipiga bega. Nilijisikia mwepesi. Nilikuwa mtu mkweli kuanzia saa nne hadi saa tano na robo.

Saa tano na robo akaja mama mmoja wa maktaba ya wilaya jirani ya Wexler. Nao wanatayarisha maonyesho. Masikini, uwanja wao uliungua na karatasi zote, na madereva wao wote wamekwisha kufa. Akaniuliza kama niliwahi kufika huko enzi hizo.

Nilifika. Mara moja, kununua gia iliyotumika.

Nikamwambia nilishinda huko mara mbili. Akatoa daftari akaandika. Ana mwandiko mzuri mno, ungependa kuuona ukiendelea. Nikamwambia, samahani mama, nimekumbuka vizuri sasa, zilikuwa tatu.