Mtoto Ana Homa

Jumatatu, 4 Machi
Mafunzo yameanza. Wiki nzima! Eti tuache kuwagawia watoto wa awali michezo ya kike na ya kiume. Waniambie mimi? Mwanamume pekee anayefundisha awali shuleni hapa, nafuta makamasi kutwa! Mimi ndiye somo lenyewe. Mkufunzi, mama mpole mwenye macho yasiyopepesa, kasema Ijumaa atamchagua mmoja wetu awe mwalimu kiongozi. Nafasi yangu hiyo. Kikwazo ni mwalimu wa chumba cha pili, niliyempa jina la Mama Tabasamu. Anaandika kila kitu. Hata salamu.

Jumanne, 5 Machi
Aibu. Tumepangwa wawiliwawili: mmoja afundishe, mwenzake aweke alama kila mtoto anapoitwa. Kwangu akakaa nani? Mama Tabasamu. Wavulana mara kumi na tisa, wasichana mara nne. Na kati ya hao wanne, watatu niliwaambia tu kwamba wamependeza! Nikajitetea kuwa wavulana wana kelele, lazima nizime moto kwanza. Mwenzangu akatabasamu.
Nyumbani, mke wangu akaniuliza mara ya mwisho nilimsifia nini binti yetu. Nikasema nywele. Akacheka mpaka akaketi. Swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano, 6 Machi
Nina mpango! Kesho mkufunzi anapita madarasani. Nimewafanyisha watoto mazoezi: nikipiga makofi mawili, wavulana wote kona ya wanasesere, wasichana wote kwenye matofali ya mbao. Mara ya sita walikwenda kama askari. Mvulana mmoja, tunamwita Bosi, alilia kwamba yeye si mama. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Mama Tabasamu kachungulia dirishani. Wivu tu!

Alhamisi, 7 Machi
Mkufunzi kaingia. Makofi mawili. Safi kabisa! Akachuchumaa, akamuuliza msichana mdogo kuliko wote kama anapenda matofali. Mtoto akajibu, darasa zima likisikia: "Mwalimu kasema tucheze hivi mpaka mgeni aondoke. Utaondoka saa ngapi?"
Ardhi ingepasuka ningeingia. Nikapiga makofi tena warudi walikozoea, yaishe. Hakuna aliyenyanyuka! Wasichana walikuwa wamefikisha daraja nusu. Yule mdogo akanifukuza kwa mkono nisije nikaliangusha. Bosi kampakata mwanasesere, anampepea. Akanikemea: "Shii! Mtoto ana homa."
Mkufunzi akaniambia taratibu nisimpange mtu, kila mtoto achague mwenyewe. Nikakaa sakafuni, nikamshikia Bosi kikombe cha dawa. Macho yaliniwasha. Vumbi.

Ijumaa, 8 Machi
Kachaguliwa Mama Tabasamu. Mimi msaidizi wake! Eti yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, kwa sababu nilivyokaa sakafuni jana, nilikaa kweli. Nimekubali shingo upande.
Leo, bila makofi, wasichana wawili na Bosi wamejenga hospitali ya matofali. Ina hata foleni. Nani aliyeanzisha yote haya? Mpango wangu!
Jumatatu tunakutana na wazazi, tuwashawishi nao. Nimeshapata akina baba watatu. Nimewaandikia maswali ya kuniuliza, na mahali pa kushangaa nikijibu. Kesho mazoezi. Hawa ni watu wazima, hawawezi kunisaliti.