Fomu Namba Saba ya Kuomba Kutokukosea

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kata yetu, wakulima, wavuvi, wenye maduka na wapita njia wanaoelekea Itungi, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi makosa ya kuandika yamekomeshwa. Atakayekosea baada ya hapo atakuwa amekosea kwa hiari yake.

Tangazo hilo niliandika mimi. Nililibandika kwenye mlango wa ofisi ya kata na kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mahali ambapo watu husimama muda mrefu na hawana pa kuangalia. Mimi ni Kaimu Katibu Msaidizi wa Kamati ya Usahihi wa Maandishi. Cheo hicho nilikipata kwa sifa mbili: kumaliza masomo ya jioni, na kuwa na mwandiko unaosomeka. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa adimu ndani ya Kamati.

Chanzo cha Kamati ni kompyuta sita. Wafadhili walizileta kwenye shule yetu ya msingi kwa ajili ya watoto ambao herufi haziwatulii. Ndani yake mna programu ya kuwasaidia kuandika. Mtoto akikosea neno, mstari mwekundu unatokea chini yake, bila kelele wala fimbo. Akibonyeza, yanakuja maneno matatu achague lake. Akibonyeza tena, sauti ya mama mmoja mpole inamsomea yote aliyoandika.

Zilikaa shuleni siku mbili. Siku ya tatu Mheshimiwa Mwenyekiti wetu wa kata alipita kukagua, akaona mistari myekundu imejaa kwenye kioo, akashika kichwa.

"Mashine mpya kabisa! Hata vumbi haijapata! Tayari ina makosa?"

Zikahamishiwa stoo ya kata kwa usalama wao.

Kamati ikakaa. Ilikaa mara nne, na mara zote nne soda zilitosha. Ikaamua kwamba kifaa cha kusahihisha makosa ni nyeti mno kukabidhiwa mtu anayekosea. Kwa hiyo kila mwombaji atajaza Fomu Namba Saba, kwa mkono wake, mbele ya shahidi, bila kosa hata moja na bila kufuta. Kanuni ya nne iliongeza kwamba atakayekosea hataruhusiwa kugusa mali yoyote ya Kamati kwa siku tisini, ili asiiambukize.

Mwezi wa kwanza waliomba watu arobaini na mmoja. Walifaulu wawili, Mwalimu Mkuu na Shabani mwenye duka la vitambaa, na wote wawili wakasema hawana shida na kompyuta, walikuja tu kujipima. Taarifa ya robo mwaka niliiandika kwa fahari: tangu kuundwa kwa Kamati, mashine zile hazijaandika kosa hata moja.

Hapa sina budi kueleza utaratibu wetu wa kazi, maana wageni huushangaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti ni baba mkwe wangu. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akija huku, mimi napita kule. Simsemeshi, hanisemeshi, na jina lake silitamki wala siliandiki. Ndiyo maana katika mihtasari yote ya Kamati, mahali pa jina la Mwenyekiti pana nukta. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Kanisani wengine wanasalimiana hadi kwa mkono. Sisi hatujalegeza. Yeye anakaa chumba cha ndani, mimi nakaa chumba cha nje. Akitaka kutoka, anakohoa mara mbili, nami naingia nyuma ya kabati la mafaili mpaka viatu vyake vifike barazani.

Karatasi kati yetu hubebwa na Mzee Husseini, mhudumu wa ofisi, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na marobota ya vitambaa na hakurudi.

"Mama Jubilate," huniambia nikitoka nyuma ya kabati nikijipangusa utando wa buibui, "kwetu mkwe hupikiwa pilau. Nyie mnamkimbia kama mtoza ushuru."

"Ni heshima hiyo, Mzee Husseini."

"Heshima gani yenye mende?"

Rasimu za Mwenyekiti zilinifikia kwa njia hiyo. Zilikuwa rasimu zilizochangamka. Herufi nyingine zilitazama nyuma, nyingine zilibadilishana nafasi, na b na d zilipeana migongo kama wake wenza. Kwa miaka minne, tangu nikiwa karani wa kata kabla ya Kamati, nilizinyoosha kimyakimya na kumrudishia asaini. Nilijua ananipima umakini. Kiongozi mzuri humpima mtumishi wake kila siku.

Sasa nije kwa Jubilate, binti yangu, miaka tisa, darasa la tatu kwa mara ya pili.

Jubilate akikusimulia jambo, unasahau ugali jikoni. Lakini mpe kalamu. Herufi zinamkimbia, anazifukuza, anarudi mikono mitupu. Mwalimu Dickson, mwalimu wake wa darasa, aliniita na kusema kwa upole kwamba shule ikifungwa kabla mtoto hajaleta ukurasa mmoja unaosomeka, atarudia tena. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Mama," Jubilate aliniuliza jioni hiyo tukianua kakao uani kabla mvua haijashuka, "nikirudia tena, nitakaa na wadogo zake rafiki yangu Lucy?"

"Hutarudia."

"Ile kompyuta nilishaizoea mimi. Siku zile mbili niliandika nusu ukurasa. Yule mama wa ndani akanisomea, na kweli alisema nilichotaka kusema! Hakuna mtu amewahi kusoma nilichotaka kusema."

Nikasukuma kakao zangu. Moshi haukuwepo, lakini macho yaliniwasha.

Nikamwombea. Mzee Husseini akawa shahidi. Jubilate alijaza Fomu Namba Saba kwa saa nzima, ulimi nje, kisha fomu ikaletwa kwa msahihishaji wa Kamati, ambaye ni mimi. Ilikuwa na makosa ishirini na mawili. Nikaigonga muhuri wa IMEKATALIWA, nikaitia sahihi, nikaenda kumwambia mwombaji, ambaye alikuwa amekaa barazani anabembeza miguu.

"Uligonga wewe mwenyewe?" akauliza.

"Kanuni, mwanangu."

Akanitazama sana. Akasema, "Muhuri uligonga vizuri. Haukupinda."

Siku iliyofuata nilimwandikia Mwenyekiti barua ya kuomba huruma kwa mtoto wa darasa la tatu, bila kumtaja ni wa nani. Mzee Husseini akaingia nayo ndani, akatoka na jibu mdomoni: "Anasema anamjua. Anasema sheria haina mjukuu."

"Basi?"

"Basi. Ila alikaa na barua yako muda mrefu, Mama Jubilate. Kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia."

Wiki ya mwisho ikaja taarifa kwamba Bi Beatrice, mwakilishi wa wafadhili, anakuja kuwaona watoto wakitumia kompyuta. Ofisi ikapakwa chokaa. Kompyuta zikatolewa stoo, zikafutwa, zikapangwa ukumbini na kufunikwa vitambaa vya kufumwa, zikapendeza kama biharusi sita. Watoto wa darasa la tatu wakawekwa mbele waimbe. Mimi, kwa kuwa Mwenyekiti angekuwa ukumbini, nikashika nafasi yangu ya kikazi nyuma ya kabati, mlango ukiwa wazi kidogo.

Bi Beatrice alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kufaa matope, ishara kwamba ameshafika wilaya yetu ya Kyela kabla.

"Mugonile," akasalimu kwa Kinyakyusa. Ukumbi ukampenda. "Hawa watoto wanazitumia saa ngapi?"

"Hawazitumii, mgeni wetu," akajibu Mwenyekiti kwa sauti ya ushindi. "Zinatunzwa." Akaeleza Kanuni, akaeleza Fomu, akaeleza waombaji waliodhibitiwa, mmoja baada ya mwingine.

Bi Beatrice akasikiliza mpaka mwisho. "Utaratibu huu sijauona popote. Hebu Mwenyekiti, tuonyeshe wewe. Jaza moja."

Nikasikia mvua ikianza kwenye bati.

"Kazi ya kuandika," akasema Mwenyekiti, "hufanywa na katibu."

"Lakini fomu inasema kwa mkono wake mwenyewe."

Alijaza. Muda ule Jubilate aliotumia, naye aliutumia, na nina hakika ulimi ulikuwa nje. Kisha, kwa mujibu wa taratibu, Mzee Husseini akaileta fomu nyuma ya kabati.

Niliitazama. Nikazijua b na d zile. Nilikuwa nimezinyoosha miaka minne, na jioni nilikuwa nikizinyoosha tena nyumbani, kwenye daftari la mtoto, na siku hata moja sikuwahi kuziweka meza moja. Hakuwa akinipima.

Muhuri ulikuwa mkononi. Juu kabisa ya fomu palikuwa na jina lake.

"Rudisha, Mzee Husseini," nikanong'ona. "Ina jina nisiloruhusiwa kuligusa."

Akarudi akatangaza: "Katibu ameshindwa kusahihisha kwa sababu za kifamilia."

Nikasikia Mwenyekiti anapumua. Lakini kwetu mkwe hunyamaza na mjukuu hutania. Yeye anaruhusiwa kumwambia babu lolote, na babu akinuna anachekwa yeye. Na Jubilate alikuwa mstari wa mbele, pua yake inchi chache kutoka kwenye karatasi iliyokuwa mikononi mwa Bi Beatrice.

"Ee, babu!" akapaza sauti. "Kumbe na wewe! Hiyo b imekukimbia kama yangu! Na ile nayo! Mbona hukuniambia tuko wawili?"

Ukumbi ulicheka, kisha ukaona haifai kucheka, ukaacha. Mwenyekiti akaweka kalamu mezani.

"Tangu darasa la pili," akasema. Hakuwa akiongea na mgeni. "Nilichapwa, nikaacha kuuliza."

Bi Beatrice akauliza taratibu zinasemaje. Mzee Husseini, ambaye hakuwahi kukosea kanuni, akavaa miwani na kusoma ya nne. Akanyoosha kiganja.

"Samahani sana, mzee mwenzangu. Ufunguo wa stoo ni mali ya Kamati. Na muhuri. Na hicho kiti."

Mwenyekiti akainuka kwenye kiti. Akatoa ufunguo. Mchana huohuo kompyuta sita ziliondoka kwenda shuleni kwenye baiskeli sita, kila moja imevikwa mfuko wa mbolea dhidi ya mvua, na Fomu Namba Saba zilizobaki zikaenda kufungia maandazi. Siku ya kufunga shule Jubilate alimpa Mwalimu Dickson ukurasa mmoja na nusu. Mwalimu alisema mmoja ungetosha. Darasa la nne linamsubiri.

Bi Beatrice aliagiza mtu mzima mmoja naye aanzishiwe masomo, kwa kuwa alikuwa mhitaji wa kwanza kuthibitishwa rasmi. Hivyo kila jioni shule inatuazima kompyuta moja, inawekwa chumba cha ndani, na mwalimu ni mmoja wa wachache katani wenye uzoefu wa siku mbili kabla ya wengine. Ana miaka tisa.

Mimi nipo chumba cha nje na mafaili yangu. Jana nilisikia vidole vikitafuta herufi moja moja, muda mrefu, kisha yule mama mpole wa ndani ya mashine akasoma kupitia ukutani, taratibu:

"Mkamwana. Ndaga fijo. Miaka minne ulininyooshea hukunisema."

Hakuna mila iliyovunjika. Aliyesema ndaga fijo, asante sana, ni mashine. Niliweka kalamu chini, nikaishukuru mashine kwa sauti ya kutosha kufika chumba cha pili.

Halafu nikasikia binti yangu.

"Mstari wa pili bado una nyekundu, babu. Rudia."

Na Mheshimiwa Mwenyekiti akarudia.