Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kuchajia Mashini za Pilipili, Mulongwe

Waheshimiwa viongozi wa mji wetu wa Uvira, mliofika na mliotuma udhuru. Waheshimiwa wakuu wa mitaa, wa Mulongwe hii na wa ile ya ng'ambo ya mto. Baba Padri, Baba Mchungaji, na wawakilishi wa makanisa yote, hata yale ambayo bado yanatafuta kiwanja. Wapapa wenye busara. Wamama wa soko, uti wa mgongo wa kila sahani. Vijana wa moto, wenye pikipiki, ambao ninawaomba mzime injini. Wageni wetu kutoka Sange ambao minibusi yao imeharibika hapo barabarani na ambao kwa hiyo ninawahesabu kama wajumbe rasmi. Kila mmoja kwa cheo chake na sifa yake, protokole yote ikiwa imeheshimiwa: ninawasalimu mara ya kwanza. (Watu wanaketi.) Bado, simameni, kuna mara ya pili. (Watu wanasimama.) Ninawasalimu mara ya pili, kwa jina langu mimi mwenyewe, Vainqueur Jean-Berchmans, Mratibu Mkuu wa Komisheni ya Muda ya Kudumu ya Kuchaji na Kutunza Batri za Vyombo Vidogo vya Jikoni, Msemaji wa komisheni hiyo hiyo, na pia, tangu mjumbe mwenzangu alipohamia Bukavu, Wajumbe wake wote. (Makofi machache. Mtu anauliza kama sasa inaruhusiwa kuketi.)

Ketini. Historia inasikilizwa vizuri zaidi mtu akiwa ameketi.

Wananchi wapendwa, miaka michache iliyopita wamama wa mtaa huu walitwanga sombe, majani ya mihogo, kwa kinu, wakasaga pilipili kwa jiwe, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wao. Ndipo zikaingia, kupitia mpaka, zile mashini ndogo za kuchaji, zenye kikombe cha plastiki, kifuniko na kitufe kimoja, ambazo zinasaga pilipili, kitunguu saumu na matunda ya maracuja bila kuuliza kama leo umeme upo ama haupo, mradi jana ulikuwepo. Maendeleo yakaingia jikoni. Lakini maendeleo, wananchi, yana batri, na batri ina tabia zake, na kwa mujibu wa etidi, uchunguzi niliyoufanya mimi mwenyewe kwa kuuliza watu niliokutana nao njiani, asilimia mia moja na ishirini ya wananchi hawazijui tabia hizo! (Mshangao. Sauti ya mama: «Hao ishirini wametoka wapi?») Wametoka nje ya mtaa, huko Runingu, mama. Tuendelee.

Ninyi nyote mnakumbuka janga lililozaa komisheni hii. Mama Pudentienne yuko hapa mbele yenu, mwenye kitenge cha kijani. Mama, simama wakuone. (Mama Pudentienne hasimami.) Kwa unyenyekevu amebaki chini. Mama huyu, mjane anayeheshimiwa, muuzaji wa pilipili ya chupa anayejulikana hadi Sange, siku ile alikuwa anangoja wageni wakubwa: wazee wa upande wa kijana anayetaka kumwoa binti yake Keza. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yamekwama tayari mara mbili, kwa sababu baba mkubwa wa kijana, Papa Nsengiyumva, mkulima wa mpunga, mtu wa uso mgumu, alikuwa anaketi kwenye kiti, anakunja mikono, na kwa kila neno anajibu: «Tutaona.» Mama Pudentienne akasema moyoni, leo nitawalisha mpaka waone.

Basi akasaga sombe asubuhi nzima, mashini ikapata moto. Badala ya kuiacha ipoe, akaiosha. Badala ya kuiacha ikauke, akaichomeka papo hapo, ikiwa bado inatiririka maji. Chaja yake ilikuwa haionekani, akatumia ile ya taa kubwa ya kuvulia dagaa. Na kwa kuwa meza ilijaa sahani, akaiweka chini, kando ya mbabula yenye makaa. (Baba mmoja anashika kichwa.) Ndiyo, papa, shika kichwa, hata mimi nilikishika! Batri ikaanza kuvimba kama andazi. Mama hakuona. Wageni walipoketi, akatia pilipili mbichi kikombe tele, akapeleka mashini sebuleni ili Papa Nsengiyumva ajionee kwamba nyumba hii ni ya kisasa, akabonyeza kitufe. Kitako kikainuka, kitufe kikanasa, kifuniko kikafyatuka hadi darini, na pilipili yote, ninasema yote, ikamwendea Papa Nsengiyumva usoni!

(Kicheko kirefu. Wageni wa Sange wanaombwa wawaeleze wale wa nyuma ambao hawakusikia.)

Papa akaanza kulia. Machozi yalimtoka kama mto wetu mwezi wa nne. Sasa, wajomba wa Keza walikuwa wanaingia mlangoni wakati huo huo, hawakuona mashini, waliona mzee mgumu analia mbele ya mtoto wao. Mjomba mkubwa akasema: «Kumbe huyu muzee anamupenda Keza hivi?» Naye akaanza kulia. Wakakumbatiana. Wakashikana mikono. Papa Nsengiyumva alipofungua macho, mahari ilikuwa imekubaliwa, wamama walikuwa wanapiga vigelegele, na Keza alikuwa amempigia magoti akimwita baba.

(Mzee mmoja anasimama kwa fimbo: «Minye sikulia! Ilikuwa pilipili!»)

Ni Papa Nsengiyumva mwenyewe, wananchi, na mnaona, hadi leo anakataa sifa. (Mzee: «Pilipili!» Binti aliye karibu naye anamshika mkono, anamwambia: «Papa, ikala tu.» Mzee anaketi, lakini mkono hauondoi.) Huyo binti ndiye Keza. Mapigo ya makofi kwa Keza! (Makofi ya kweli.)

Sasa, kiongozi mwingine angecheka aende zake. Mimi nilifika kesho yake asubuhi, nikiwa na kofia ya usalama. Nilitangaza hali ya dharura ya kiteknike. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikakusanya mashini za kuchaji za wamama wote wa mtaa huu, kwa ajili ya sekirite na usalama wao, nikaahidi kwamba zitarudi zikiwa zimechajiwa, zimepimwa, na zimewekwa ndani ya Kituo cha Kisasa chenye paneli za jua, feni ya kupoza batri na kiti cha kungojea. Na leo, wananchi, ninyi wenyewe mnakiona Kituo hicho nyuma yangu, hapa kando ya mto, kikiwa na kuta nyeupe, mlango wa bluu, na paneli zinazometa! (Watu wanavuta shingo. Wanazuiwa na kamba wasisogee.) Msisogee. Rangi ni mbichi.

(Sauti ya mama: «Muheshimiwa, mashini yetu yote iko wapi?»)

Swali zuri, litajibiwa katika sehemu ya maswali, ambayo imeahirishwa. Kwanza mafunzo. Fungueni masikio, kwa maana haya nimeyasoma kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya katoni, upande wa lugha ninayoielewa: mashini ikimaliza kusaga, iache ipoe kabla ya kuichaji, ikauke kabisa, hasa pale kwenye tundu la chaja, tumia chaja yake yenyewe, si ya taa, si ya moto, si ya jirani, usiichaji kando ya makaa wala juu ya godoro, ikijaa, ichomoe, usiiache kwenye prizi ya ukutani mpaka kesho, maana umeme wetu unaporudi kwa ghafla unarudi na hasira, usingoje pia izime kabisa ndipo uikumbuke, ukisafiri, iache ikiwa na nusu, mahali pakavu penye baridi, na ukiona batri imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena hata kama kesho una harusi, itoe nje ya nyumba. (Baadhi ya wamama wanarudia maneno kwa sauti ndogo.) Mnaona? Hiyo ndiyo faida ya kuwa na Mratibu!

(Mama yule yule anasimama. Ni Louise, muuza juisi, nyumba yake inapakana na ya Mratibu. «Muheshimiwa, tumesikia, aksanti. Lakini weye ulisema utarudisha haraka. Mashini iko wapi?»)

Mama Louise, mashini ziko mahali pakavu, penye baridi, penye ulinzi.

(Louise: «Iko kwako! Kila asubuhi ninasikia inalia vrrr mu nyumba yako!»)

Hiyo inaitwa faze ya majaribio! Batri haiwezi kukaa bila kazi, inazeeka. Kwa hiyo familia yangu, kwa kujitolea, bila mshahara, inazifanyisha mazoezi: ya maracuja asubuhi, ya kitunguu mchana, ya karanga jioni. Watoto wangu wamekunywa juisi hadi hawataki tena. Nani mwingine katika mji huu amewatoa watoto wake kwa ajili ya teknolojia? (Watu wanazomea. Mtu anacheka hadi anakohoa.)

(Mama Pudentienne anasimama sasa. Anainua mikono yake ili ionekane. «Muheshimiwa, minye sina mengi. Harusi ya mutoto wangu iko kesho. Wageni ni wengi, Papa Nsengiyumva analeta ukoo muzima. Tangu ulichukua mashini, tunatwanga na mikono. Ona, inawaka, hata usiku silali. Yangu iliharibika, ninajua, ni kosa yangu. Lakini hizi dada zangu walitaka kunisaidia na zao. Turudishie tu, hata leo.» Keza anamfuata na kusimama kando yake. Papa Nsengiyumva naye anasimama, anasema: «Mupe mama mashini.»)

Mama Pudentienne, maneno yako yamenigusa hapa. Na hapa. Ninakuhakikishia kwamba ile yako iliyovimba niliiweka nje, ndani ya ndoo ya mchanga, kwa heshima zote. Kuhusu nyingine, utaratibu ni utaratibu: haziwezi kutoka mahali zilipo kabla hazijaingia Kituoni, na haziwezi kuingia Kituoni kabla sijamaliza kukifungua, na siwezi kumaliza kukifungua kabla ya kaulimbiu. Kwa hiyo tukazane. Mimi nikisema «Batri!», ninyi mseme «Ijae!» Batri! (Sauti moja: «Ijae.» Ni ya mwenye kukodisha kipaza sauti. Mratibu anaendelea, akijiitikia mwenyewe.) Mashini! Zipoe! Chaja! Yake mwenyewe! Mulongwe! Mbele! Komisheni! (Wamama wanasimama, wanakung'uta vitenge, wanaanza kuondoka, Louise mbele, Mama Pudentienne akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Wanapanda njia inayoelekea nyumbani kwa Mratibu. Papa Nsengiyumva anawafuata, fimbo begani.) Komisheni... oyee!

Wamama wanawahi jikoni, ni jambo la kawaida. Nifunge basi kwa shukrani, ambazo ni wajibu. Ninamshukuru msanii Frédéric, mchoraji wa mabango ya vinyozi, ambaye kwa mchana mmoja tu amekichora Kituo hiki kizima juu ya turubai, pamoja na paneli zake, na kivuli cha paneli, na hata mlinzi aliyesinzia pale mlangoni, jambo ambalo sikumwagiza. (Waliobaki wanaikata kamba, wanasogea, wanagusa mlango wa bluu kwa kidole. Mlango unapepea.) Ninamshukuru Papa Nizigama, mwenye turubai, ambaye ananionyesha kwa mkono kwamba mawingu yanatoka ziwani na analitaka ili akafunike mihogo yake. Papa, nivumilie dakika. Ninayashukuru mashirika yote ambayo tungeyaandikia barua ya kuomba msaada kama tungejua yako wapi. Ninaushukuru mto Mulongwe, ambao uliahidi kukichukua Kituo kama tungekijenga, na ambao kwa hiyo tumeushinda. (Papa Nizigama anafungua fundo la kwanza. Kona ya Kituo inaanguka. Nyuma yake mbuzi wawili wanakula majani.)

Na kwa namna ya pekee ninamshukuru mke wangu, Mama Victoire, ambaye... samahani, wananchi, ndiye huyu anayenipigia. Alo? Ndiyo, niko kwenye hotuba. Wangapi? Wote? Na yule mzee mwenye fimbo? Ameketi sebuleni, anasema nini? «Tutaona»? Victoire, sikiliza, waambie wangoje, kuna utaratibu, kuna saini ya... Umewapa? Zote? Hata ile ya maracuja? Unacheka nini? Na wewe unakwenda wapi? Kuwasaidia kusaga pilipili? Haya. Na sisi tutakula nini? Alo? Victoire?

(Turubai linaanguka lote. Papa Nizigama analikunja. Mbuzi wanainua vichwa na kumtazama Mratibu.)

Wananchi wapendwa, wageni wa Sange mliobaki! Ninayo furaha kubwa, na kwa unyenyekevu, kuwatangazia kwamba kuanzia dakika hii mashini zote za mtaa wa Mulongwe zimerudishwa mikononi mwa wananchi, zikiwa zimejaa chaji, chini ya usimamizi wangu, kabla ya muda uliopangwa, na bila hata kutumia Kituo!

(Wageni wa Sange wanapiga makofi. Minibusi yao imewaka.)

Asanteni sana. Kama mnapita upande ule wa juu, mnaweza kunisogeza mpaka kwa Mama Pudentienne, wanakoandaa harusi?