Jeki ya Paleti Yenye Meno Marefu

Jumatatu, 6 Mei

Jeki ya paleti imekufa leo saa tatu asubuhi. Ilikuwa imeingiza meno chini ya paleti, lile jukwaa la mbao, na kuinua boksi za madaftari. Ikapumua, ikatema mafuta sakafuni, ikashuka polepole kama mtu anayekaa kitako. Wapakizi wakaizunguka. Mmoja akavua kofia.

Bila jeki, ghala zima ni mikono na mgongo. Meneja akatuita wawili: mimi, msaidizi wa stoo kwa miaka tisa, na mwenzangu tunayemwita Futikamba, kwa sababu haendi popote bila futikamba mfukoni. Akasema kila mmoja atafute jeki moja, ije ijaribiwe Ijumaa. Hakuongeza neno. Lakini mkuu wa stoo anastaafu mwisho wa mwezi, na mimi si mtoto. Atakayechagua jeki amechagua na kiti.

Nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa mkuu. Akauliza mkuu gani.

Jumanne, 7 Mei

Futikamba amepiga magoti tangu asubuhi. Anapima matundu ya paleti. Anapima njia kati ya rafu. Anawauliza wapakizi sakafu inawasumbua wapi, na mpini uwafikie kiunoni au kifuani. Mpakizi! Kuulizwa maoni!

Mimi nimepita katikati ya ghala mara mbili, mikono nyuma. Inatosha. Mwenye macho haambiwi pima.

Mchana meneja akaniuliza njia zetu zina upana gani. Nikajibu: wa kutosha. Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa. Futikamba alikwenda kunawa mikono, akaacha daftari lake mezani. Ndani yake, kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Jambo la kawaida halikunjwi mara nne. Nimekiazima. (Neno ni hilo: kuazima.)

Kimeandikwa kwa ule mwandiko wake wa sindano. Urefu 180. Upana 75. Kimo kisizidi 45, kuinuka kuwe rahisi.

Siri yote ya jeki, mistari mitatu!

Nikaenda mbio kwa shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza vifaa vya maghala. Akasema jeki za kawaida meno yake hayafiki hata sentimita 120. Nikatabasamu. Za kawaida! Akasema ya 180 anayo moja, ya kubebea paleti mbili kwa mpigo, ila inataka uwanja wa kugeukia. Upana haukulingana na karatasi, na kimo hakikukaribia hata kidogo. Nikamwambia hayo tutayasamehe. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, shemeji, nimepima mwenyewe.

Alhamisi, 9 Mei

Jeki imefika. Nyekundu. Nimeificha nyuma ya stoo chini ya turubai, meno yametokeza kama miguu ya mtu mrefu chini ya shuka fupi. Mpakizi mmoja akauliza kama siku hizi tunabeba reli. Nikamwambia atajua kesho.

Futikamba anatafuta kikaratasi chake. Amepindua droo, amepindua hadi kapu la taka. Nimemsaidia kutafuta nusu saa nzima, kwa moyo wote. Akanishukuru. Nikamwambia, dada, hapa kazini sisi ni ndugu.

Mke wangu amempigia mama yake simu. Mama mkwe ameniita "mkuu" mara tatu. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 10 Mei

Jaribio.

Futikamba alianza. Jeki yake fupi, ya kijivu, haina hata sura. Ikaingia, ikainua, ikatoka, ikakata kona na kubakiza nafasi ya vidole vinne kila upande. Kisha akampa mpini mpakizi mfupi kuliko wote. Naye akavuta. Hakuna kilichotokea. Nikapiga miayo ili meneja aone.

Zamu yangu. Meno yakaingia kwenye paleti ya madaftari. Yakaendelea kuingia. Yakatokea upande wa pili, yakajipenyeza nusu ndani ya paleti ya nyuma, yenye vidumu vya sabuni ya maji. Mimi huko sikuona. Nikapiga mpini. Madaftari yakapanda. Sabuni nayo ikapanda, lakini upande mmoja tu.

Futikamba akapaza sauti: "Acha! Shusha! Umebeba na ya nyuma!"

Nikadhani ni wivu. Nikapiga mpini mara moja zaidi.

Vidumu thelathini na sita. Nilisikia kila kimoja. Mtu mmoja mwenye nia njema akamwaga maji ili kusafisha, povu likapanda hadi magotini. Meneja akapiga hatua moja, hizo nyingine akapigiwa na sakafu. Aliishia kwenye mlango wa ofisi yake. Hakuumia, ila tai.

Futikamba akachutama ndani ya povu, akayapima meno. Akapima tena.

"Mia na themanini," akasema. "Kaka, kitanda cha mama yangu kimeota magurudumu lini?"

Ikabidi amweleze meneja. Mama yake amehamia kwake, miguu haina nguvu. Kikaratasi kilikuwa cha fundi seremala. Kimo arobaini na tano, ili mama asipate taabu ya kuinuka.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa mbili.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekirudisha kikaratasi. Futikamba akasema mama amefika tangu Alhamisi, analala kwenye godoro chini, na asubuhi kumsimamisha ni kazi ya watu watatu. Alisema hivyo bila ukali. Angefoka ningejua la kumjibu. Nikasema pole. Akasema haya.

Nikasugua sakafu hadi saa saba. Pale Futikamba alipochutama nilipasugua mara tatu. Nadhani ni sabuni.

Mama mkwe akapiga simu kumuulizia mkuu. Nikamwambia mkuu yuko kwenye usafi.

Jumatatu, 13 Mei

Futikamba ametangazwa mkuu wa stoo mpya. Wapakizi walipiga makofi kupita kiasi.

Akaniita. Nilijua nafukuzwa. Kumbe! Ananipa nafasi nyingine: nichague glavu za wapakizi, wote kumi na mmoja. Akasisitiza nikapime mkono wa kila mmoja, nisikisie hata kidogo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, somo limeniingia.

Kumi na mmoja! Siku nzima ingeishia kwenye viganja vya watu. Na mkono ni mkono tu.

Kufikia saa nne nilikuwa nimeshaagiza. Jozi kumi na moja, saizi moja. Nimejaribu ya kwanza mwenyewe. Imenikaa sawasawa.