Samaki Asiyenuka

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Binti yangu Yasmina yuko labo! Kule wanakopima maji yanayoshuka ziwani. Buyenzi nzima inajua; nimehakikisha. Bado anajaribiwa: Jumamosi anamwonyesha mkubwa wao, shefu Sébastien, kipimo chake. Akifaulu anaajiriwa, akishindwa anabaki kukaa nyumbani na mimi. Kipimo ni cha maji ya magaraji, kama yanaua samaki. Nikawaambia majirani anafuga samaki. Adélaïde, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, wa mlango wa pili, akauliza: Mama Yasmina, mbona mutoto wako hanuki? Kijicho hicho! Lakini nimenusa koti lake jeupe. Sabuni tupu. Basi samaki wanakwenda wapi?

Jumanne, tarehe 7

Nimemuuliza. Amecheka mpaka chai imemtoka puani. Eti samaki hawako! Zamani walitia samaki wazima kwenye maji ya sumu wakangoja wafe. Sasa wanatumia seli, chembe ndogo za uhai, zilizotolewa kwenye matamvua ya samaki mmoja, pale anapopumulia. Mwenyewe alikufa zamani. Chembe zinaendelea kuzaana chupani. Wanazitia maji machafu, wanatazama kama zinakufa. Subhanallah! Samaki amekufa lakini anaongezeka? Mi nimeuza sokoni, namjua mtu anayeficha mzigo. Na yuko mfanyakazi mwenzake huko, Régis. Yasmina anasema ni mpole. Mpole!

Jumatano, tarehe 8

Nimekwenda mwenyewe, na sambusa. Mlinzi ameonja, mlango umefunguka. Régis huyo: mashavu yanang'aa. Anakula sangala, samaki mnono wa ziwani, naapa! Nimechungulia makabati yote, hakuna hata gamba moja. Chupa tu, zenye maji ya rangi ya waridi. Yasmina akanionyesha kwenye darubini: vitu kama punje za semule, ule unga wa chengachenga. Ndio hao samaki? Akasema nisiguse, hata yeye anaogopa kuzipumulia. Régis naye: Mama, usiguse. Mwenye kukataza ana lake.

Shefu akawaita. Nimebaki peke yangu na chupa ya mwanangu. Jicho la Régis, jicho la Adélaïde, yote juu ya chupa moja! Chupa sikuigusa. Nilifungua kizibo tu. Nikasoma Qul-audhu zote mbili, nikapuliza vizuri, karibu kabisa, kama nilivyompuliza Yasmina siku ya mtihani wa serikali. Na alipasi!

Alhamisi, tarehe 9

Msiba. Yasmina amerudi macho mekundu. Chupa imekuwa kama maji ya mchele, chembe zote zimekufa, na maji ya garaji hata hajazitia. Bila chembe hakuna kipimo, bila kipimo hakuna kazi. Anasema kimeingia kijidudu, labda kwa pumzi ya mtu. Nilijua! Régis! Nimemwambia. Amenitazama sana. Adélaïde akapita, akauliza kama samaki wetu wameanza kunuka.

Ijumaa, tarehe 10

Régis amempa Yasmina chembe zake mwenyewe, zilizokuwa tayari. Leo wamezitia maji, kesho majibu. Bure? Mtu hatoi bure! Ama anataka kuposa, ama ameziloga. Nimemwomba Yasmina anipitishe kidogo tu nizisomee. Apana, mama, amesema, kwa sauti ya baba yake.

Jumamosi, tarehe 11

AMEFAULU! Kwenye maji safi chembe zimeishi, kwenye maji ya garaji zimekufa. Shefu amempa kazi! Nimepiga vigelegele mpaka mafundi wa magaraji ya jirani wameacha nyundo. Adélaïde mwenyewe ameleta ndagala. Nimezipokea. Nimezinusa kwanza.

Halafu Yasmina akaniketisha. Mama, ulipuliza? Nikamjibu mama hapulizi, mama analinda. Akanishika mkono, akasema basi nilindie nyumbani. Mlinzi ameambiwa asinifungulie tena, hata kwa sambusa.

Sawa. Mi si mtu wa kubishana. Zile za kwanza zilikufa kwa sababu nilipuliza mara moja tu, tena Régis yuko karibu. Jumatatu anaanza kazi yenyewe. Koti lake liko hapa kwangu. Nimelifua, nimelipiga pasi, nimelisomea, nimepuliza ndani ya mikono yote miwili na kila mfuko.

Aliyekatazwa mlango ni mimi. Koti halijakatazwa.